Mshipi wa kusuka hauvumilii fundo la mazoea

Samaki akiondoka na ndoana, usikimbilie kulaumu mshipi. Vuta kipande kilichobaki, kilete karibu na macho, uangalie ncha yake. Ikiwa imejikunja kama kikono cha mboga ya maboga, mshipi haukukatika: fundo limeteleza likafumuka lote mpaka mkia, yaani ncha fupi inayobaki ukifunga, ukatoka. Ikiwa imekatika pahali pamoja, fupi na safi, fundo limejikata lenyewe. Ikiwa imechanika nyuzinyuzi na ina manyoya kwa urefu wa kiganja au zaidi, hapo ndipo pa kulaumu mwamba au tumbawe. Wengi wanaohama kutoka nailoni kuja kwenye mshipi wa kusuka hukutana na ncha ya kwanza mara nyingi kuliko hizo mbili nyingine, kwa sababu mikono yao bado inafunga fundo la nailoni.

Hivi viwili si ndugu. Nailoni ni uzi mmoja mnene, laini, unaonyumbuka. Ukiukaza, mizunguko yake inabonyeana na kung'ang'aniana. Ukipata mvuto wa ghafla, nailoni yenyewe inarefuka, robo ya urefu wake au zaidi kabla ya kukatika, na hivyo inalipunguzia fundo kishindo. Mshipi wa kusuka umetengenezwa kwa nyuzi nyembamba za polithini ya aina maalumu, zile zinazouzwa kwa majina ya Dyneema na Spectra. Nyuzi hizo zina nguvu ya ajabu kwa unene wake, lakini ni telezi mno, hazinywi maji, na hazirefuki ila kidogo sana, asilimia tatu au nne tu. Kwa hiyo kishindo chote cha samaki kinafika kwenye fundo kama kilivyo, na fundo lenyewe limefungwa kwa kitu kisichopenda kushikana.

Hapo ndipo palipo na siri ya mafundo yote ya mshipi huu. Kwa kuwa kila mzunguko unashika kidogo, unahitaji mizunguko mingi. Pale ambapo nailoni inatosheka na minne au mitano, mshipi wa kusuka unataka minane mpaka kumi, au uukunje mara mbili ili nyuzi mbili zifanye kazi ya mmoja. Lile fundo ambalo karibu kila mvuvi alijifunza utotoni, la kupitisha mkia kwenye jicho la ndoana, kuuzungusha mara tano kwenye mshipi mama, yaani ile sehemu ndefu inayokuja kwako, na kuurudisha kwenye kitundu cha chini, ni fundo zuri la nailoni. Kwenye mshipi wa kusuka linateleza. Hata ukiongeza mizunguko, halikai sawa. Mizunguko inapandana, mmoja unabeba mzigo wote na mingine inalegea.

Kabla ya kufunga lolote, ujue una mshipi gani mkononi. Uliosukwa kwa nyuzi nne una mikwaruzo kidogo ukiupitisha kati ya vidole, na mikwaruzo hiyo inalisaidia fundo kushika. Wa nyuzi nane ni wa mviringo zaidi, laini, unapita kwenye pete za fimbo bila kelele na kurushwa mbali, lakini unateleza zaidi. Uongezee mizunguko miwili. Mshipi mpya kutoka dukani una nta juu yake na ni mtelezi kuliko huohuo ukishavuliwa mara tano sita. Fundo lililoshika vizuri kwenye mshipi wa zamani linaweza kukuangusha kwenye mpya wa aina ileile.

Halafu kuna suala la unene. Mshipi wa kusuka wa ratili 30, yaani karibu kilo 13 na nusu, una unene wa milimita 0.28 hivi. Nailoni ya nguvu hiyohiyo inakaribia mara mbili ya hapo. Kwenye mishipi ya Kijapani utakuta alama ya PE na namba. Hiyo ni namba ya unene, si ya nguvu. PE 1 ni milimita 0.165, PE 3 ni karibu 0.285. Ukinunua kwa kutazama ratili peke yake, viwanda viwili vinaweza kukupa mishipi miwili ya ratili 50 yenye unene tofauti kabisa, na ule mwembamba utalikata fundo lake mapema zaidi.

Wembamba huo una hatari nyingine ambayo haina budi kusemwa kwa wenzetu wanaovua kwa mshipi wa mkono. Usiuzungushe mshipi wa kusuka kwenye kiganja au kidole kitupu, hata mara moja, hata kwa samaki mdogo, hata wakati wa kukaza fundo. Nailoni nene inakuchubua. Huu unaingia nyamani kama wembe. Ukitaka kukaza, uzungushe kwenye kipande cha mti au mpini wa koleo, mara sita au saba, ndipo uvute. Kwa kupandisha chewa kutoka kwenye kina kwa mkono, nailoni nene ya kawaida bado ndiyo yenye akili.

Sasa mafundo yenyewe. Mtu hahitaji kumi. Matatu yaliyoshikwa vizuri na vidole yanatosha: moja la kufunga kwenye ndoana au pete, moja la kuunganisha na nailoni kwa haraka chomboni, na moja la kuunganisha kwa utulivu nyumbani.

La ndoana ni Palomar. Kunja mshipi ili upate kitanzi cha sentimita 15 hadi 20. Pitisha kitanzi kwenye jicho la ndoana. Ukiwa umeiacha ndoana ining'inie, funga fundo la kawaida kwa ule mshipi uliokunjwa, lakini usilikaze. Kisha chukua kile kitanzi, ukipanue, uipitishe ndoana nzima ndani yake. Lowesha. Shika mshipi mama na mkia pamoja, vuta taratibu, na huku unavuta usukume kitanzi kwa ukucha kipite juu ya jicho na kutulia upande wa mshipi. Kwa mshipi mpya au wa nyuzi nane, zungusha lile fundo la kawaida mara mbili badala ya moja.

Fundo hili ni rahisi na ndiyo maana watu wanalikosea. Kosa la kwanza ni kuacha nyuzi mbili zipishane juu ya jicho. Zinatakiwa zilale sambamba, kwani ile ya juu itaikandamiza ya chini na kuikata. La pili ni kitanzi kukwama kwenye shina la ndoana, chini ya jicho. Linaonekana limefungwa, linavutika vizuri mkononi, kisha likipata mzigo kitanzi kinaruka juu na fundo lote linalegea kwa sekunde moja. Sekunde hiyo kolekole haikosi. La tatu ni kulitumia mahali pasipolifaa: kama chambo chako ni kikubwa na kina ndoana za makucha matatu, kukipitisha kwenye kitanzi ni kujichoma vidole na kukwaruza mshipi.

Hapo badilisha, tumia fundo liitwalo Uni, ukilifunga kwa mshipi uliokunjwa. Kunja mwisho wa mshipi sentimita 20, upitishe ukiwa mara mbili kwenye jicho, uurudishe sambamba na mshipi mama, tengeneza duara, kisha uzungushe ule mkia wenye nyuzi mbili mara tano au sita ndani ya duara, ukiukumbatia mshipi mama. Kaza mizunguko kwanza kwa kuvuta mkia, ikae kama chemchemi ya kalamu, kila mmoja ubavuni mwa mwenzake. Ndipo uvute mshipi mama ili fundo liteleze mpaka kwenye jicho. Ukilifunga kwa mshipi mmoja bila kuukunja, zungusha mara nane hadi kumi.

Tazama pia jicho lenyewe. Ndoana nyingi za bei nafuu zina mwanya mdogo pale waya wa jicho unapokutana na shina. Nailoni haiingii humo. Mshipi wa kusuka wa milimita 0.28 unaingia, na kingo zinaukata. Vivyo hivyo zile pete mbili-mbili za funguo zinazokuja na chambo cha bati: usifunge kwenye ncha yake. Funga kwenye pete iliyochomelewa au kwenye swiveli, kile kiungo cha chuma kinachozunguka, kisha hiyo ndiyo ishike pete ya chambo.

Lakini kusema kweli, kwenye bahari yetu mshipi wa kusuka haupaswi kufika kwenye ndoana. Nyuzi zile ni hodari kwa kuvutwa moja kwa moja, dhaifu kwa kusuguliwa. Ukigusa tumbawe ukiwa umekazwa na samaki, umekwisha. Ndiyo maana tunatanguliza kipande cha nailoni nene au florokaboni, ambacho wengi tunakiita lida, mita moja na nusu hadi tatu. Kwa kolekole na changu wa kina cha kati, lida ya ratili 50 au 60 juu ya mshipi wa ratili 30 hadi 50 inatosha; kwa chewa wa mwambani nenda 80 au 100. Nguru na mzia wana meno ya mkasi, wao wanataka waya, sentimita 20 au 30 mbele ya lida.

Maungio ya mshipi na lida ndiyo yanayosumbua watu usiku na mchana, maana unaunganisha kitu chembamba na telezi na kitu kinene na kigumu. Chomboni, mawimbi yakiwa yanakurusha, Alberto linafungika. Limepewa jina la mvuvi wa Marekani, Alberto Knie, na ni mtoto wa fundo la zamani la Albright, la nahodha mmoja wa Florida. Kunja ncha ya lida iwe kitanzi. Ingiza mshipi wa kusuka kwenye kitanzi, uvute sentimita 30. Zungusha kuizunguka miguu yote miwili ya kitanzi mara saba ukienda mbali na ncha ya kitanzi, kisha rudi mara saba juu ya mizunguko ya kwanza, utoke kwenye kitanzi kwa upande uleule ulioingilia. Lowesha, vuta mshipi mama na lida polepole huku ukishika mizunguko kwa vidole isiruke ncha ya kitanzi. Ukitokea upande usio wako, fundo litakaa mshazari na kuachia. Ni kosa dogo, na mkono uliolowa unalifanya bila mwenyewe kujua.

Alberto lina uvimbe. Lida ndefu inayoingia kwenye rili, mashine ya kuzungushia mshipi kwenye fimbo, itagonga pete za fimbo kila unaporusha, na mgongano huo unalilegeza fundo na kukwaruza pete. Kwa hiyo, kwa mtu anayerusha siku nzima au anayevua kwa chuma cha kuchezesha kwenye kina kama cha Mkondo wa Pemba, fundo ni FG. Hili ndilo ningemsihi kila mvuvi wa mshipi wa kusuka alijifunze, ijapokuwa litamchosha wiki ya kwanza.

FG si fundo kwa maana ya kupinda lida. Lida inabaki imenyooka. Mshipi wa kusuka ndio unaosukwa kuizunguka, kama ukili unavyopishanishwa, na kadiri unavyovutwa ndivyo msuko unavyobana. Hakuna kona kali mahali popote, kwa hiyo hakuna mahali pa kujikata. Funga hivi. Weka fimbo mahali isipoyumba, mshipi mama ukitoka kwenye rili ukiwa umekazwa. Mkia wa mshipi uubane kwa meno au uufunge kwenye kitu kizito. Sasa una miguu miwili ya mshipi iliyokazwa, na lida inapita katikati yake. Pishanisha miguu hiyo mbele ya lida, kisha nyuma ya lida, mbele tena, nyuma tena. Rahisi zaidi ni kuihamisha lida yenyewe: mara moja ipite juu kati ya miguu, mara moja ipite chini. Kila mpishano uusukume kwa ukucha ulale jirani na uliotangulia. Hesabu mipishano 20. Kwa lida ya ratili 80 kwenda juu, 24.

Ukimaliza, bana msuko kwa vidole usifumuke, chukua mkia wa mshipi ufunge nusu-fundo moja kuzunguka lida na mshipi mama pamoja. Nusu-fundo ni kule kuzungusha mara moja na kupitisha ncha ndani yake, basi. Sasa ndiyo hatua inayoamua kila kitu. Lowesha msuko, zungusha mshipi mama kwenye kipande cha mti, lida kwenye kingine, na uvute kwa nguvu zako zote, pole kwa pole, bila kushtua. Utauona msuko unasinyaa, unarefuka kidogo, na rangi yake inageuka kuwa ya giza, kana kwamba umelowa zaidi. Hiyo ni dalili kwamba nyuzi zimezama kwenye ngozi ya lida. Rangi isipobadilika, fundo halijakaa. Na fundo la FG ambalo halijakazwa hivi nyumbani halitajikaza lenyewe samaki akiwa amelishika. Litateleza kwenye lida kama pete kwenye kidole chenye sabuni.

Baada ya hapo endelea na nusu-fundo nne hadi sita kuzunguka lida na mshipi mama, moja ukipita juu, inayofuata chini, ukikaza kila moja. Kata mkia wa lida karibu kabisa, kwa mkasi mkali, ukate mshazari usiache kingo. Ongeza nusu-fundo tatu au nne juu ya mshipi mama peke yake, zifunike ile ncha ya lida isikwame kwenye pete. Kata mkia wa mshipi, uache milimita tatu.

Watu wanauliza kuhusu kiberiti na gundi. Kuchoma ncha ya mkia ili iwe kidonge kunakubalika kwa lida ya nailoni, kwa uangalifu. Kwa mshipi wa kusuka, moto usiukaribie: nyuzi zake zinayeyuka kwenye nyuzijoto 150 au chini kidogo, wakati nailoni inahimili zaidi ya 200. Joto ambalo huoni limegusa chochote linaweza kuwa tayari limelidhoofisha fundo lililo milimita tatu kutoka hapo. Gundi kali za dukani nazo hazishikani vizuri na polithini. Zinaganda juu ya nusu-fundo na kulainisha uvimbe, jambo lenye faida yake, ila zisitegemewe kuzuia mtelezo. Fundo ovu lililopakwa gundi litaachia vilevile.

Joto hilohilo ndilo sababu ya kulowesha kabla ya kukaza. Mate au maji yanapunguza msuguano, mizunguko inajipanga badala ya kuchomana. Kukaza fundo kavu kwa kushtua ni kulipunguzia nguvu kabla halijaonja bahari.

Bimini, lile fundo la kupata mshipi wa mara mbili, lina heshima yake kwa wanaokokota chambo nyuma ya boti wakitafuta jodari wakubwa na nduaro. Kwa nailoni mizunguko 20 inatosha, kwa mshipi wa kusuka wengi wanakwenda 40 na zaidi. Mvuvi wa kawaida mwenye FG nzuri anaweza kuishi bila hilo.

Kuna fundo moja linalosahaulika kwa sababu halionekani: la kwenye kigurudumu cha rili. Mshipi wa kusuka ukifungwa moja kwa moja kwenye chuma kilichong'arishwa, wote unazunguka pamoja, mita 200 au 300 zikiteleza kama mkanda uliolegea. Unakoroga mkono wa rili, mshipi hauji, unadhani breki, ile inayoachia mshipi samaki akivuta kwa nguvu, imeharibika. Anza na mita nane au kumi za nailoni, uziunganishe na mshipi wa kusuka kwa Uni mbili zinazotazamana, mizunguko minne upande wa nailoni na minane upande wa kusuka. Au bandika kipande cha plasta kwenye chuma kwanza. Na ujaze mshipi ukiwa umebanwa kwa kitambaa kilicholowa. Ukilegea, tabaka la juu litajichimbia chini samaki wa kwanza akivuta.

Breki nayo ifuate fundo, si maandishi ya kwenye kibandiko. Kwa mshipi wa ratili 50 tunaweka ratili 12 hadi 15 kwa mizani ya kuning'iniza, yaani kilo sita hivi, maana mshipi haurefuki na fundo halina wa kulipunguzia kishindo. Anayekaza breki kwa kukadiria, kwa mazoea ya nailoni, ndiye anayerudi na kikono cha boga.

Mizani hiyohiyo ndiyo ya kujaribia mafundo. Chukua mita mbili za mshipi wako mwenyewe na pete mbili za chuma. Funga fundo moja huku, jingine kule, vaa glavu na miwani, vuta mpaka moja liachie. Rudia mara tano, uandike lipi liliachia na ncha yake ilikuwaje. Fundo linaloshinda kwenye mshipi wa mwenzako si lazima lishinde kwenye wako, na fundo unalolifunga vibaya halitashinda popote hata likiwa na sifa dunia nzima.

Wakati wa kusi, upepo ukivuma, mshipi huu mwepesi unapeperuka na kujifunga vitanzi unaporusha. Funga waya wa rili, ule unaoufungua ili kurusha, kwa mkono, si kwa kuzungusha mkono wa rili, na uukaze mshipi kidogo kabla ya kuanza kuvuta. Vitanzi vingi vinaanzia hapo. Kikitokea, usivute. Kilegeze kwa ncha ya ndoana ndogo kikiwa bado chepesi. Kikikaza, kata, ufunge upya. FG tatu zilizofungwa nyumbani, kila moja na lida yake, zikiwa zimezungushwa kwenye kipande cha ndala, zitakuokoa hapo: mwisho wa kila moja acha mita moja ya mshipi wa kusuka, ambayo utaiunga na mshipi mama kwa Uni mbili za mizunguko minane minane, hata chombo kikiwa kinaruka. Uvimbe upo, lakini ni mdogo, na siku ya kusi haikupi nafasi ya kusuka ukili.

Kila baada ya samaki mkubwa, au kila lida ikigusa mwamba, pitisha mita ya mwisho ya mshipi na lida yote kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Ukihisi mkwaruzo kwenye lida au manyoya kwenye mshipi, kata juu ya hapo. Tazama na msuko wa FG: ukiona lida imetokeza nyeupe pale ilipokuwa imefunikwa, imeanza kuteleza, ikate.